Kipanya Chenye Kitanda

Kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu ni karibu kilomita 900, na sisi tunaokwenda ukweni kila mwaka njia hiyo tunaijua kwa kupitia dirisha la basi. Mikumi inapita watoto wamelala. Kitonga inapandwa watu wamenyamaza. Mafinga ni chipsi za haraka na kuchimba dawa, halafu Makambako, halafu giza, halafu kondakta anaita Uyole. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku kucha mwaka 2023, hata kile kidogo kilichokuwa kikionekana kimepungua. Binti yangu mkubwa alifika darasa la tano akiwa amevuka Morogoro, Iringa na Njombe kila Desemba ya maisha yake, na Iringa hajakanyaga zaidi ya stendi.

Nilitaka watoto wangu waijue nchi yao kabla hawajakua wakatushinda kuwabeba. Kilichotukwamisha siku zote ni malazi. Familia ya watu wanne ikifika nyumba ya wageni huambiwa ichukue vyumba viwili, na ukitaka kulala mara mbili tatu njiani, fedha ya likizo inaisha hujafika nusu ya safari. Mzazi anapiga hesabu, anarudi kwenye basi.

Gari tulikuwa nalo. Mume wangu anasambaza madaftari na vifaa vya shule kwa Hiace, kipanya kilichokuwa cha kubeba wanafunzi kabla hakijawa chetu. Ukilitazama bodi lake juani utauona mstari wa njano chini ya rangi nyeupe. Shule zikifungwa Juni, kazi inalala na gari linalala. Hapo ndipo tulipoamua kulitengeneza ili familia ilale ndani yake, kwa sharti moja alilolitoa yeye na mimi nikalikubali: shule zikifunguliwa, gari lirudi kubeba madaftari.

Sharti hilo ndilo lililotupunguzia gharama kuliko kitu kingine chochote. Ukitaka nyumba ya magurudumu utajenga makabati ya kudumu, sinki, dari na bafu, na mwisho utakuwa na gari ambalo haliwezi tena kukutafutia riziki. Kwa familia ya kipato cha kawaida huo ni mzigo. Wajerumani waliliona hilo mapema. Volkswagen walipotoa kombi yao mwaka 1950, haukupita muda kampuni ya Westfalia ya mji wa Wiedenbrück ikatengeneza, mwaka 1951, sanduku la kupakia na kupakua lenye vifaa vya kambi, ili mwenye gari alifanyie kazi siku za wiki na kulala ndani yake mwishoni mwa wiki. Huko Japani, kwao Hiace, gari hilohilo ni miongoni mwa yanayopendwa zaidi kwa kazi hii, na barabara zao zina vituo viitwavyo michi-no-eki, vilivyoanza kusajiliwa rasmi mwaka 1993 na sasa vimepita elfu moja, ambapo msafiri anaegesha na kutumia choo bure saa yoyote. Sisi vituo vya namna hiyo hatuna. Tuna misheni, tuna viwanja vya shule, na tuna wenyeviti wa vijiji.

Kwanza tulivitoa viti vya nyuma, yale mabenchi yaliyoongezwa kwa ajili ya wanafunzi. Spana namba 14 na mafuta ya kulainisha kutu, jioni moja imetosha. Safu ya nyuma ya dereva hatukuigusa. Ni ya watu watatu, ina mikanda yake mitatu iliyofungwa kiwandani, na kwangu hilo halikuwa jambo la kujadili. Nimeona picha za magari ya kulala ambayo watoto wanasafiri juu ya godoro, wamejinyoosha wanacheza, na wazazi wanafurahi kwamba hawasumbui. Gari likifunga breki kwa ghafla, mtoto aliye juu ya godoro hana kinachomzuia. Katika ujenzi huu yapo mengi ya kubana, ila mkanda wa mtoto haumo.

Nyuma ya safu hiyo, sakafu ya Hiace yetu ina urefu wa kama mita 1.85 na upana wa mita moja na nusu hivi. Kutoka sakafuni hadi darini ni kama mita 1.3. Vipimo hivi vitatu ndivyo vilivyoamua kila kitu. Kitanda kikiinuka sana, mtu mzima hawezi kukaa juu yake bila kuinamisha shingo. Kikishuka sana, hakuna kinachoingia chini. Tukachagua maboksi ya sentimita 35 na godoro la inchi tatu juu yake, na kichwa cha mume wangu kikapita chini ya dari kwa upana wa vidole viwili.

Maboksi tuliyapeleka Keko, mahali ambapo nusu ya vitanda vya Dar es Salaam vimezaliwa. Fundi alishika mchoro wangu, akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akaufunga, akarudi.

“Mama, hapa unataka gari au chumba?”

“Nataka vyote viwili, fundi, ila gari lianze.”

“Basi tupige mninga. Mninga hautakuangusha.”

Mninga ni mbao ya heshima, kitanda chetu cha nyumbani ni cha mninga. Lakini gari hubeba uzito wake kila mlima na kila breki, na mafuta unayalipa wewe. Nikamwambia plaiwudi ya milimita 12. Ubao mmoja wa futi nne kwa nane una kilo kama 20. Wa milimita 18 unafika 30. Na sisi tulihitaji mbao tatu. Alikubali, naye akaweka sharti lake. Akachukua kipande cha plaiwudi, akakiminya ukingoni kwa kucha mpaka tabaka zikaonekana. “Ukipiga skrubu hapa peke yake, ukifika Chalinze imelegea.” Kwa hiyo ndani ya kila kona aliweka kijiti cha mbao laini, akapaka gundi, akabana kwa jiriwa hadi kesho yake, ndipo akapiga skrubu. Kila ukingo aliupiga msasa mpaka ukawa wa mviringo, na kila alipomaliza mmoja alipitisha kiganja kizima juu yake, taratibu, huku akitazama pembeni kana kwamba anasikiliza. Vishikio hakununua, alitoboa matundu ya kupitisha vidole vinne. Maboksi yakatoka manne, kila moja watu wawili wanalibeba, nasi tukayafunga sakafuni kwa boliti kupitia matundu yaleyale yaliyokuwa ya mabenchi. Boksi lililojaa vyakula lina uzito wa mtu mzima, na halifai kuachwa huru nyuma ya migongo ya watoto.

Wakubwa tunalala kwa urefu juu ya maboksi. Binti analala kwa upana juu ya safu ya viti, tukishasawazisha mashimo yake kwa mito. Mdogo wake, wa miaka sita, ana kitanda cha turubai kilichonyooshwa kati ya mabomba mawili ya chuma, juu ya viti vya mbele, na usiku wa kwanza alitangaza kwamba ndiye dereva wa usiku.

Mapema Juni tukaondoka. Pale Mikumi barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50, na vibao vya kando vinataja faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Tulipita saa kumi jioni, mwendo wa taratibu, vioo chini. Twiga walikuwa karibu na lami kiasi cha kuwaona kope. Tembo mmoja akajitokeza upande wa kulia, akaamua kuvuka. Mume wangu akakanyaga breki, lori la nyuma nalo likakanyaga lake. Maboksi hayakusogea. Watoto walining'inia kwenye mikanda yao, wakarudi kitini, wakaendelea kuhesabu ndama. Nikamkumbuka fundi wa Keko kwa shukrani.

Usiku ule tulilala bonde la Ruaha Mbuyuni, katika uwanja wa kambi kando ya mto, tukalipia maegesho na bafu. Huko ni joto, na joto lina mbu. Mtu akikuuliza uanze na nini kwenye gari la kulala la Afrika Mashariki, mwambie chandarua. Watu wanaanza na sola, wanaanza na zulia, halafu usiku wanachagua kati ya kufunga vioo wakose hewa au kufungua waumwe malaria. Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikata chandarua kikubwa cha familia, akakishonea ukingo wa kitenge na kuingiza sumaku ndogondogo ndani ya ukingo huo. Sumaku zinanasa kwenye bati la mlango zenyewe. Mlango wa pembeni unabaki wazi, chandarua kinafunga mwanya wote, na mtoto akitaka kutoka anapita katikati na pazia linajirudi nyuma yake. Madirisha yana vipande vyake. Kazi nzima haikufika bei ya feni mbili ndogo tulizoning'iniza darini, na ndiyo iliyotupa usingizi.

Kuhusu umeme, niliketi na karatasi kabla ya kwenda dukani. Taa za LED za wati 10 kwa saa tano ni wati-saa 50. Feni mbili za wati tano kwa saa nane ni 80. Simu zote na kompyuta yangu, tuseme 100. Jumla 230 kwa siku. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 50 ina kama 640, kwa hiyo inatuvusha usiku mbili hata kukiwa na mvua, na paneli moja ya wati 100 juu ya keria inairudishia iliyotumika jua likiwa la kawaida. Hapo hakuna friji. Friji ndogo ya volti 12 peke yake inaweza kula wati-saa 400 na zaidi kwa siku, na ukiiingiza, betri inakuwa maradufu, paneli zinakuwa mbili, nyaya zinanenepa, na bei inaruka. Wanaoliona gari la kulala kuwa ni jambo la matajiri mara nyingi wamepigiwa hesabu yenye friji. Palipofaa kutumia fedha ni pale pasipoonekana: fyuzi, karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, na nyaya nene zilizopitishwa ndani ya mpira kila zinapokatiza bati. Waya ukichunika kwenye ukingo wa bati bila fyuzi, gari linawaka na waliomo wamelala.

Na friji ya nini, kwenye barabara hii? Ruaha Mbuyuni vitunguu vinauzwa kwa rundo kando ya lami. Ilula ni nyanya, ndoo kwa ndoo, zinapanda hadi kifuani kwa muuzaji. Nyama unanunua ya siku ileile, maziwa unachemsha, mboga ndiyo hiyo inachumwa. Mtu aliyezoea maduka yaliyo mbali na nyumba atahitaji friji safarini. Sisi tumepewa nchi yenye soko kila baada ya vilima viwili, na kutumia soko hilo ni sehemu ya safari yenyewe. Watoto walijifunza Ilula kwamba nyanya ina majina, na kwamba muuzaji akikuzidishia mbili anakualika urudi.

Kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula kuna Kitonga. Barabara inang'ang'ania ubavu wa mlima, kona juu ya kona, malori yanapanda kwa gia ya kwanza huku yanaguna. Pale ndipo kila kilo uliyopakia inakusalimia. Maji tulikuwa na madumu manne ya lita 10, yaani kilo 40, na bondeni tulikuwa tumekwisha kumwaga mawili kwa sababu Iringa maji yapo. Madumu madogo yana faida nyingine: binti yangu anaweza kubeba moja, kwa hiyo maji ni kazi yake na anaijivunia. Tulipanda kwa gia ya pili, tukasimama juu kupoza injini, ambayo kwenye Hiace imekaa chini ya viti vya mbele na inakujulisha hali yake kupitia makalio. Bonde lote lilikuwa chini yetu, kijivu kwa mibuyu, na basi la Mbeya likapita abiria wameegemeza vichwa vyao kwenye vioo.

Iringa ipo juu ya mita 1,500, na Juni baridi inabana. Tuliegesha uwanja wa misheni, kwa ruhusa na mchango kidogo. Asubuhi matone yalikuwa yanatiririka ndani ya vioo. Watu wanne wakipumua usiku kucha ndani ya bati baridi, unyevu lazima utafute pa kukaa, na ukiuzibia njia utaingia nyuma ya plaiwudi na kuanzisha kutu. Ndiyo sababu kuta hatukuzijaza pamba wala sufi inayonyonya maji. Tulibandika shiti za mpira wa sponji usiopitisha maji, moja kwa moja kwenye bati, na usiku tunaacha vioo viwili wazi kidogo, kimoja mbele na kimoja nyuma, hata kukiwa na baridi. Blanketi moja zaidi linatosha.

Hapa niseme jambo kwa uzito wote nilionao. Nyanda za juu watu huingiza jiko la mkaa ndani wapate joto, na kila msimu wa baridi tunasikia vifo. Ndani ya gari ni hatari zaidi kwa sababu hewa ni ndogo. Mkaa unaowaka polepole unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Gesi nayo ina tabia yake: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni, palepale unapolala. Mtungi wetu wa kilo sita umekaa kwenye kona ya mlango wa nyuma, umefungwa wima kwa mkanda, katika boksi lake lililotobolewa chini hadi nje ya gari, na usiku unafungwa au unashushwa. Kupika tunapika nje. Mlango wa nyuma wa Hiace ukiinuliwa unakuwa paa, droo ya jikoni inavutwa chini yake, na mvua ya kawaida haikufikii.

Tulikaa Iringa tulivyotaka, jambo ambalo basi halijawahi kuturuhusu. Tulikwenda Isimila, kilomita kama 20 kwa barabara ya Mbeya, kwenye korongo la nguzo za mchanga zilizochongwa na mmomonyoko, ambako watafiti walichimba mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukuta mashoka ya mawe mengi mno. Mengine yamelala wazi chini ya kibanda. Mdogo aliuliza kwa nini mwenye shoka hakurudi kulichukua. Tulikwenda Kalenga, penye fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa Wajerumani, wakakichukua kichwa chake, na fuvu likarudishwa mwaka 1954. Binti alisimama mbele ya kabati la kioo muda mrefu. Kitabuni alikuwa amesoma aya moja. Nje, mzee wa makumbusho alimwambia salamu ya hapo ni “Kamwene”, na siku nzima hakusalimia kwa neno jingine.

Baada ya Sao Hill, penye misonobari isiyokwisha, na Makambako, jua likazama tukiwa hatuna pa kulala. Usiku barabara ile ina malori yaliyoharibika bila taa, na hatusafiri gizani na watoto. Tukaacha lami, tukaulizia nyumba ya mwenyekiti wa kijiji.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mmepotea?”

“Hapana mzee. Tunakwenda Tukuyu kwa mama. Tunaomba sehemu ya kuegesha, tulale humu garini, asubuhi tuendelee.”

Akaja na tochi. Akamulika ndani, akaona godoro, akaona turubai juu ya usukani na miguu miwili midogo ikichezacheza. “Na watoto mnalala humu? Mbona nyumba ipo?” Mume wangu akamshukuru, akamweleza kwamba tukiingia kwake watu wanne usiku tutamsumbua mama wa nyumba. Mzee alifikiri, akachukua daftari, akaandika majina yetu, namba ya gari, tunakotoka na tunakokwenda. Akatupeleka uwanja wa shule ya msingi, penye choo na bomba, akamwagiza mgambo apite mara mbili. Hii ndiyo michi-no-eki yetu, na masharti yake ni mepesi: fika kabla watu hawajalala, jitambulishe kwa mwenye mji, usiwashe muziki, ondoka pakiwa pasafi kuliko ulivyopakuta. Asubuhi mume wangu alishusha bunda la madaftari aliyobaki nayo, akamwachia mwenyekiti kwa ajili ya shule. Nasi tukapewa mahindi ya kuchoma ya kujaza ndoo.

Nikitaja ndoo: tunayo nyingine, yenye mfuniko wa kubana na maranda ya Keko ndani yake. Wenye watoto wadogo wanajua saa nane usiku ina mahitaji gani. Iwekeni.

Trafiki alitusimamisha kabla ya Igawa. Mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu mbili zipo, bima ipo, mikanda ipo. Akauliza habari ya kitanda. Tukamwonyesha boliti: mzigo uliofungwa, viti ni vilevile vilivyomo kwenye kadi ya gari. Anayetaka kung'oa safu zote za viti, kupandisha paa au kubadili rangi ya gari anapaswa kwanza kwenda kwenye mamlaka kurekebisha kadi, na kumwarifu mtu wa bima. Ajali ikitokea gari si lile lililoandikwa, utabishana nao ukiwa hospitalini. Askari alipanda ndani, akalibonyeza godoro kwa mkono, akashuka, akatuaga kwa kututakia safari njema.

Kutoka Uyole barabara inageuka kusini, na hewa inabadilika. Viazi, halafu ukungu, halafu migomba inayoshuka mabondeni, mashamba ya chai, miparachichi. Mlima Rungwe ulikuwa ndani ya mawingu, kama siku zote. Tulisimama Daraja la Mungu, ambako lava iliganda zamani na Mto Kiwira ukajipitishia njia chini yake, halafu tukaingia kwa mama mkwe wangu mchana kweupe, watoto wachangamfu, badala ya kuingia saa saba usiku tukiwa tumebeba miili iliyolala.

“Ndaga,” alisema, akatukumbatia, akalitazama gari. Alitaka kuona kila kitu. Akafungua maboksi, akanusa godoro, akapitisha mkono kwenye ukingo wa plaiwudi kama alivyofanya fundi.

“Na Matema mnakwenda?”

“Tunakwenda, mama, keshokutwa.”

“Mimi nitakaa wapi?”

Kiti cha tatu kilikuwepo, na mkanda wake. Kama tungeing'oa ile safu tupate makabati, ningemjibu nini? Tukateremka naye Kyela, tukashika njia ya Ipinda, joto likirudi kila kona hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, milima ya Livingstone imesimama wima juu ya maji. Usiku bibi alichukua kitanda kikubwa, mjukuu mmoja kila upande. Sisi tukalala nje kwenye hema dogo na chandarua cha akiba. Aliwasimulia habari za ziwa lilipochafuka enzi za usichana wake. Kupitia mlango ulio wazi tulisikia yote, na baadhi mume wangu alikuwa hajawahi kuyasikia.

Asubuhi vyungu vya Wakisi vilikuwa vimeshushwa kutoka kwenye mitumbwi ya Ikombe, vimepangwa mchangani kwa ukubwa, vyeupe na vyekundu. Bibi ndiye aliyeongea bei. Aligonga kila chungu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza sauti yake kabla ya kukikubali, vile vyenye sauti nzito akavirudisha, na vilivyopita tukavilaza chini ya kitanda, ndani ya boksi la blanketi, blanketi zikawa pamba yake. Viti vya kukunja vikahamia juu ya keria.

Njiani kurudi Tukuyu alitupa masharti yake kwa safari ya Juni ijayo. Atakuja nasi hadi Kalenga, kwa kuwa mjukuu wake amemwambia habari za Mkwawa naye anataka kuona. Atakaa dirishani. Na mlango ule uwekewe pa kukanyaga, kwa maana goti lake halipandi tena sakafu iliyo juu kiasi kile bila kushikwa mikono yote miwili. Fundi wa Keko amekwisha kupewa oda: kidaraja cha kukunja, cha chuma na mbao, chenye mpira usioteleza juu yake.